"Ni Kweli": Binti wa Majoreni na Elimu ya Jinai

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia uovu. Kuna kosa, neno la Kibantu ambalo hubeba pia maana ya kutokipata kile kilichotafutwa. Kuna hatia, jinai na uhalifu, maneno yaliyoingia kutoka Kiarabu. Na kuna dhambi, ambayo hesabu yake haiko mikononi mwa hakimu yeyote wa dunia hii. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huchanganywa pasi na hasara. Mtu akimkanyaga mwenzake njiani husema "nimekosa" na safari ikaendelea. Hasara huanza pale mja anapopandishwa kizimbani, kwani huko kila neno lina mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo huweza kulala jela kwa sababu ya adabu zake njema.

Tafakuri hii inamhusu binti mmoja wa Majoreni aliyejifunza jambo hilo mara mbili: kwanza nyumbani kwao kwa uchungu, kisha darasani kwa maelezo.

Kutoka mikokoni hadi chuoni

Majoreni ni kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, baina ya Shimoni na Vanga, si mbali na mpaka wa Tanzania. Bahari haiwafikii watu wa huko kwa kishindo cha mawimbi. Huingia kimyakimya kati ya mikoko. Maji yakijaa madau huelea, yakipwa hulala ubavu topeni. Wadigo, Wavumba na majirani wao wameishi hapo kwa uvuvi, kwa minazi na mihogo, na kwa mikoko yenyewe. Mtoto wa huko hujua kumtofautisha mkoko na mkandaa, mchu na mlilana, kabla hajajua kuandika jina lake. Hujua pia majina ya miti ikishakatwa, kulingana na unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo.

Binti huyu, ambaye baba yake ni mvuvi, alipata nafasi ya kusomea stashahada ya elimujinai na haki jinai katika chuo kimoja mjini Mombasa. Habari hizo zilipokewa kijijini kwa tafsiri mbalimbali. Wanaume barazani walisema kuwa anakwenda kuwa askari. Vijana wenzake walimwambia kuwa akimaliza atapata kazi ya ulinzi katika hoteli za Diani. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliyeshangaa zaidi. "Mwanangu," alimuuliza, "wezi wana nini hata wasomewe?" Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kumsindikiza kwenye matatu ya kwenda Likoni alimwambia tu kwamba akishajua kwa nini watu huiba, arudi awaambie na wao walioibiwa.

Haikuwa ajabu kwamba watu waliielewa elimu hiyo kwa njia ya sare na bunduki. Kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida amezijua taasisi za haki jinai kwa milango yake tu: kituo cha polisi, mahakama na gereza. Aliyetaka kuingia katika kazi hizo alikwenda Kiganjo kujifunza upolisi au Ruiru kujifunza uaskari wa magereza. Kwamba mtu aweza kukaa darasani miaka miwili au mitatu akiuliza kosa ni nini, nani huliita kosa, na adhabu hufanya kazi gani, ni jambo ambalo halikuwa na jina katika kijiji kile.

Nadharia za darasani na methali za nyumbani

Chuoni masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mifano mingi ilitoka ng'ambo. Alifundishwa habari za Cesare Beccaria, Mwitalia aliyeandika mwaka wa 1764 kwamba adhabu haina haja ya kuwa katili ili izuie uovu, bali yatosha iwe ya hakika, ya haraka na ya kadiri. Alifundishwa pia habari za Mwitalia mwingine, tabibu Cesare Lombroso, aliyechapisha kitabu mwaka wa 1876 akidai kuwa baadhi ya watu huzaliwa wahalifu na kwamba uhalifu wao huonekana katika umbo la fuvu, taya na masikio. Nadharia hiyo ilikwisha kukanushwa zamani, lakini haikosi kufundishwa, maana kivuli chake bado kinatembea. Alipomsimulia baba yake wakati wa likizo, mzee alicheka hadi akajifuta machozi. "Mtu huyo angepita hapa na kamba yake ya kupimia," alisema, "angetufunga sote."

Nadharia iliyomgusa zaidi ni ya Mmarekani Edwin Sutherland, aliyeshikilia kuwa uhalifu hujifunzwa kama ufundi wowote ule, kwa kukaa na wanaoujua. Alipoisikia mara ya kwanza alidhani ni methali ya kwao iliyovaa suti: samaki mmoja akioza wote wameoza. Kadiri alivyoisoma ndivyo alivyogundua kuwa mambo haya mawili hayafanani. Nadharia inaeleza jinsi mtu mmoja anavyojifunza jambo kutoka kwa mwingine, na kwa hiyo inaacha mlango wa kujifunza kinyume chake. Methali inatoa hukumu kwa wote kabla ya kumuuliza hata mmoja.

Pwani ya kusini inaijua bei ya hukumu ya namna hiyo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari, na machafuko yakaenea hadi sehemu za Kwale. Katika msako uliofuata vijana wengi walikamatwa, aghalabu kwa sababu ya kabila na mahali walipoishi. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka wa 1998 ilichunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya kikabila, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka wa 2002. Kwa wanafunzi wenzake wa chuoni hayo yalikuwa maandishi ya kujibia mtihani. Kwake yeye yalikuwa sababu ya wazee wa kwao kunyamaza kila gari la polisi lilipopita.

Yaliyompata mwana wa ami

Alikuwa katika mwaka wake wa pili pale mwana wa ami yake, kijana aliyekua naye nyumba moja, alipokamatwa usiku akiwa na mwenzake ndani ya dau lenye boriti. Mwenzake alijitosa majini akatoweka. Kijana alilala mahabusu na baadaye akafikishwa katika mahakama moja ya pwani akishtakiwa kwa kupatikana na mazao ya msitu bila kibali.

Sheria iliyomkamata haikuwa ya kipuuzi, na haifai kusimuliwa kama kwamba ilikuwa hivyo. Boriti za pwani hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa serikali mwaka wa 1932. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ukapigwa marufuku mwaka wa 1982. Na mwezi wa Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma na ya jamii, amri iliyoongezwa muda mara kwa mara. Mvuvi ndiye wa kwanza kujua faida ya mikoko, kwa kuwa samaki na kamba hukulia mizizini mwake. Huko Gazi, upande wa kaskazini, wanakijiji walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja uliozinduliwa mwaka wa 2013, ambao huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na kuyatumia mapato kwa maji na shule. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata mfano huo. Hakuna mtu timamu wa Majoreni ambaye angetetea kufyekwa kwa mikoko.

Swali lilikuwa jingine. Kijana hakuwa amekata mti hata mmoja. Alikuwa ameajiriwa na mnunuzi mmoja kubeba boriti zilizokwisha kukatwa, akaambiwa kuwa kibali kipo na kiko kwa mwenye mali. Huenda aliambiwa uongo. Huenda angepaswa kuuliza zaidi. Lakini hakuna aliyeyasikia hayo, kwa sababu kesi yake ilimalizika kwa maneno mawili. Alisomewa mashtaka, akaulizwa kama ni kweli au si kweli, naye akajibu: "Ni kweli." Aliposomewa maelezo ya jinsi alivyokamatwa alisema ni hivyo. Alipoulizwa kama ana la kusema aliomba msamaha. Alitozwa faini ambayo ukoo mzima haukuweza kuichanga, na kwa kuikosa akatumikia kifungo cha miezi sita.

Binti alikwenda kumwona gerezani. Alimuuliza kwa nini hakueleza habari za mnunuzi. Kijana alimtazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Dada," alisema, "niliulizwa kama nilipatikana na miti. Nilipatikana nayo. Ningesemaje si kweli?"

Hatua za mwaka 1973

Miezi michache baadaye mhadhiri wa sheria ya ushahidi aliingia darasani na kuandika ubaoni jina la kesi: Adan dhidi ya Jamhuri. Kesi hiyo iliamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka wa 1973, na hadi leo mahakama za Kenya huirejelea kila panapotokea swali la jinsi mshtakiwa anavyopaswa kujibu mashtaka. Utaratibu wake si mrefu. Kwanza, shtaka pamoja na viungo vyake vyote vya msingi visomwe na kuelezwa kwa mshtakiwa, ikiwezekana katika lugha yake mwenyewe, au katika lugha anayoizungumza na kuielewa. Pili, maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Yakiwa ni ya kukiri, ndipo jibu la kukubali kosa liandikwe. Tatu, upande wa mashtaka ueleze ukweli wa mambo, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuupinga au kuufafanua. Nne, akiupinga, au akiibua jambo linalotia shaka kukiri kwake, jibu libadilishwe na kuandikwa kuwa amekana. Tano, asipoubadilisha, ndipo atiwe hatiani na maelezo yasikilizwe kuhusu adhabu.

Wenzake walinakili hatua hizo tano. Yeye alinakili na kusitisha kalamu, kwani alikuwa amelitambua tundu ambamo mwana wa ami yake aliangukia. Tundu hilo halikuwa katika utaratibu wenyewe, maana kwa kadiri alivyoweza kujua, kila hatua ilikuwa imetajwa. Lilikuwa katika neno kweli.

Kwa Mswahili, kweli ni sifa ya jambo au ya msemaji. Anayeulizwa "ni kweli au si kweli?" huulizwa mambo mawili kwa pamoja: je, jambo lilitokea, na je, wewe ni mkweli? Sheria haiulizi lolote kati ya hayo. Inauliza kama mshtakiwa anakubali kila kiungo cha kosa, pamoja na kujua kwake, kukusudia kwake na kukosa kwake udhuru. Boriti zilikuwa ndani ya dau: hilo ni kweli. Kwamba kijana alijua kuwa hakuna kibali: hilo halikuulizwa kwa maneno ambayo yangemwamsha. Yamkini maelezo yake yasingemwokoa. Hata hivyo, yangetosha kumfanya hakimu asite, aandike kuwa amekana, na kesi ikasikilizwa kwa mashahidi, pengine na mnunuzi mwenyewe akatafutwa.

Aidha, kuna suala la adabu. Katika baraza la wazee, iwe ni ngambi ya Wadigo au kikao cha ukoo, anayesema "ni kweli, nimekosa, nisameheni" hufungua mazungumzo. Baada ya neno hilo ndipo huulizwa ilikuwaje, nani alikutuma, na tufanyeje sasa. Anayeanza kwa kujitetea huonekana mkaidi. Mahakamani mpangilio huo umepinduka: anayesema "ni kweli" hufunga mazungumzo, na nafasi ya kuulizwa ilikuwaje huwa nyembamba. Kijana alikwenda kizimbani na adabu za barazani. Hakuna aliyemwambia kuwa amebadilisha nyumba.

Mgogoro ni wa nani?

Akiwa na hasira hiyo kifuani, aliyapokea kwa furaha mafundisho ya Nils Christie wa Norway. Mwaka wa 1977 Christie alichapisha makala ambamo alidai kuwa mgogoro ni mali ya wahusika wake, na kwamba katika nchi zilizoendelea mali hiyo hunyakuliwa na wanasheria na wataalamu wengine, hadi aliyekosa na aliyekosewa wakawa watazamaji wa jambo lao wenyewe. Kilichomshangaza binti ni mahali alipoanzia msomi huyo. Alianza katika kijiji cha mkoa wa Arusha, nchini Tanzania, katika shauri la uchumba uliovunjika. Wahusika wawili walikaa katikati ya ukumbi. Jamaa na marafiki waliwazunguka. Umati uliuliza maswali na kutia mizaha. Na waamuzi walikuwa watu wakimya kuliko wote. Elimu aliyoifuata Mombasa kwa Kiingereza, kupitia kwa mwandishi wa Ulaya, ilikuwa imechota maji yake katika kisima cha jirani.

Alirudi nyumbani na habari hizo akiwa na hakika kuwa amepata jibu. Alizieleza siku moja baada ya chakula cha usiku, akasema kwamba mashauri yarudishwe barazani kwa wenyewe. Aliongeza kuwa hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama kuendeleza upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Baba yake alitikisa kichwa kwa kukubali. Shangazi yake hakutikisa chochote.

"Mwanangu," alisema baada ya kimya, "baraza hilo nalijua. Kuna binti hapa kijijini aliyeharibiwa akiwa mdogo. Wazee walikaa, mali ikatolewa, maslaha yakafanyika, watu wakala. Binti hakuitwa. Mgogoro huo ulikuwa mali ya nani?"

Hakuna mhadhiri aliyewahi kumuuliza swali zito kama hilo. Neno maslaha, ambalo kwa asili lina maana ya manufaa, nchini Kenya limekuwa pia jina la mapatano ya nje ya mahakama, na mara nyingi manufaa hayo humwendea kila mtu isipokuwa aliyeumizwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 iliwekewa adhabu kali, lakini adhabu haimfikii mtu ambaye kesi yake imezikwa barazani. Christie mwenyewe alisisitiza kuwa aliyekosewa ndiye anayestahili kurudishiwa nafasi yake kwanza. Baraza lisilomwita binti limemnyang'anya mgogoro wake kama mahakama isiyomsikiliza mwana wa ami ilivyomnyang'anya wake.

Tangu usiku huo aliacha kuuliza kipi ni bora, mahakama au baraza. Alianza kuuliza ni nani anayesikika katika kila kimoja, na kwa lugha gani.

Baada ya jela

Kijana alitoka gerezani na kurudi Majoreni, lakini hakurudi mahali alipokuwa. Watu hawakumtenga, walimkaribisha, wakamlisha, wakamwombea dua. Hata hivyo, alipata jina jipya lililotajwa nusu kwa mzaha, na mzaha huo ukawa mzito kuliko kifungo. Wataalamu wa jinai wamelieleza jambo hili vizuri. Howard Becker aliandika mwaka wa 1963 kwamba upotofu haumo ndani ya tendo peke yake, bali hutokana pia na jina ambalo jamii humbandika mtendaji. John Braithwaite wa Australia naye, mwaka wa 1989, alitofautisha aibu inayomrudisha mtu kwa wenzake na aibu inayomtia muhuri na kumtupa nje. Kiswahili kimezitenganisha hali hizi tangu zamani: kuna haya, ambayo humlinda mtu asitende, na kuna fedheha, ambayo humwandama baada ya kutenda.

Kwa kijana huyo fedheha ilikuja pia kwa karatasi. Aliyetaka kazi katika hoteli za Diani alitakiwa kuwasilisha hati ya mwenendo mwema itolewayo na idara ya upelelezi wa jinai, nayo rekodi yake ilikuwa na doa. Alirudi kwenye dau. Mnunuzi wa boriti hakuwahi kuonekana mahakamani, wala jina lake halikuandikwa popote. Sutherland, yule yule wa nadharia ya kujifunza uhalifu, aliwazindua wenzake mwaka wa 1939 kwa kusema kuwa elimu ya jinai imewatazama mno maskini na kuwasahau wahalifu wenye vyeo na shati jeupe. Binti hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Tena, ilikuwapo njia nyingine. Sheria ya Kenya ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 huiruhusu mahakama kumwamuru mtu aliyepatikana na kosa lisilozidi kifungo cha miaka mitatu kufanya kazi ya manufaa kwa umma badala ya kwenda jela. Miezi sita ya kupanda miche ya mikoko katika ufuo wa Majoreni ingekuwa adhabu, na ingekuwa pia fidia kwa msitu. Lakini njia hiyo mara nyingi huwasaidia wanaojua kuiomba.

Kazi iliyobaki kwa Kiswahili

Katika muhula wa mwisho binti alitakiwa kuandika mradi wa utafiti. Alichagua kuwauliza watu wa kwao swali moja kwa Kiswahili na kwa Kidigo: hakimu anapokuuliza kama ni kweli au si kweli, anataka kujua nini? Jibu lililomrudia tena na tena, kwa wavuvi na kwa akina mama wa sokoni, lilikuwa kwamba hakimu anataka kujua kama wewe ni mwongo. Aliiandika ripoti yake kwa Kiingereza kama kanuni zilivyotaka, na neno lililomtesa kulifasiri kuliko yote lilikuwa adabu.

Sheria yenyewe haijalifunga suala hili. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 49 inataka anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumika katika kesi. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai huziruhusu mahakama za chini kutumia Kiswahili. Nchini Tanzania marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka wa 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilichunguza taasisi za nchi hiyo zinazoitwa, kwa Kiswahili fasaha, taasisi za haki jinai.

Hata hivyo, kisa cha Majoreni kinaonyesha kuwa kuhamia Kiswahili peke yake hakutoshi. Kijana yule aliulizwa kwa Kiswahili na alijibu kwa Kiswahili. Mkalimani hakuhitajika kwa maana ya kawaida. Kilichokosekana ni Kiswahili kilichopimwa: swali linalolenga hatia badala ya ukweli, na linalomjulisha mtu kwamba kuna mlango wa maelezo kabla hajajibu. Binti alipendekeza katika ripoti yake kwamba mshtakiwa aulizwe hivi: "Je, unakubali kwamba ulitenda kosa hili ukijua, au una maelezo yoyote yanayokuondolea lawama?" Swali hilo ni refu kuliko "ni kweli au si kweli", na makarani wenye mafaili mengi mezani huenda wasilipende. Lakini urefu wake ni wa nusu dakika, ilhali kifungo kilikuwa cha miezi sita.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wanafunzi wengi wa isimu, tafsiri na ukalimani wanaotafuta mada za tasnifu. Wameandika sana, na vizuri, kuhusu istilahi za kompyuta, lugha ya vijana na mabango ya matangazo. Kizimba kingali kinawangoja. Inahitajika kamusi ya istilahi za jinai iliyoandaliwa na wanaisimu wakishirikiana na wanasheria. Unahitajika uchunguzi wa jinsi maneno kama kukiri, kukubali, kweli na kosa yanavyoeleweka katika lahaja na lugha jirani, kuanzia Kivumba na Kidigo hadi Kipemba. Na wanahitajika wakalimani waliofunzwa, wanaojua kuwa ukimya wa mshtakiwa huweza kuwa heshima wala si kukiri. Kazi hiyo haimngoji mhalifu mkubwa wala kesi mashuhuri. Kila asubuhi ya siku ya kazi, katika mahakama fulani ya pwani hii, kuna mtu ambaye amesimama, amefumbata mikono kwa adabu, na yu karibu kujibu.